Mama wa Pili wa Wendy

Zipporah Wakesho alifika Voi na jogoo kwapani, kiroba cha unga wa wimbi mgongoni, na moyoni furaha ya mwanamke anayekwenda kumshika mjukuu wake wa kwanza. Alikuwa ametoka Ronge alfajiri. Mvua za Machi zilikuwa ndiyo kwanza zimeshika kule milimani, na ndizo zilizomchelewesha. Wendy, mtoto wake wa pekee, alijifungua mapema kuliko walivyotazamia, na simu ilipoingia Zipporah alikuwa na jembe mkononi na nusu ya shamba haijapandwa. Akajiambia, nimalize hii nusu, mvua haimngoji mtu. Mtoto mchanga hana miguu ya kwenda popote. Atakuwa pale pale.

Mlango wa nyumba ya Wendy mtaani Mwakingali ulikuwa wazi, na viatu vimepangwa nje. Viatu vya Tuan, mkwewe, alivijua. Ndara ndogo za plastiki za rangi ya waridi hakuzijua.

"Hodi wenyewe!"

Akatokea mwanamke mfupi, mwembamba, nywele za mvi amezifunga kisogoni, na mikononi ana kifurushi cha shuka. Alimtazama Zipporah, akamtazama jogoo, kisha akaitazama miguu ya Zipporah iliyojaa tope jekundu la Ronge. Akainamisha kichwa kwa adabu, halafu kwa kidevu akaonyesha pale viatu vilipopangwa.

Hivyo ndivyo Zipporah alivyomwona mjukuu wake mara ya kwanza: mikononi mwa mtu mwingine, naye mwenyewe akiambiwa avue viatu.

Tuan alikuwa Mvietnam, mkata vito. Alikuja Voi kufuata yale mawe ya kijani yanayochimbwa nchi hii, akafikia hoteli ambayo Wendy alikuwa mpokezi, na hakurudi kwao tena. Zipporah hakuwa na neno naye. Kijana alikuwa na heshima, alipokea kikombe cha chai kwa mikono miwili, na siku ya harusi kule Ronge alikula kimanga, kile chakula chao cha kupondwa, mpaka akaongezewa. Mama yake hakuweza kusafiri wakati ule kwa sababu ya mguu. Waliunganishwa naye kwa simu, Zipporah akampungia mkono, akamwona kama picha tu. Picha haimwibii mtu mwanawe.

Sasa picha ile ilikuwa imesimama sebuleni, na jina lake lilikuwa Hanh.

Zipporah alimkuta Wendy kitandani amevaa sweta na soksi, kichwa amefungwa kitambaa, masikioni ametiwa pamba. Chini ya kitanda kulikuwa na jiko la makaa yenye moto. Jasho lilimtiririka Wendy shingoni.

"Mwanangu! Una malaria?"

"Hapana, Mama. Ni mila yao. Mtu akijifungua hatakiwi kupigwa na upepo. Wanasema baridi ikiingia mwilini sasa, itakusubiri mpaka uzeeni."

"Baridi gani? Hapa Voi?"

Wendy akacheka, na kicheko chake kikamtuliza Zipporah kidogo. Lakini Wendy akaendelea. "Me amekuja kunilea mwezi mzima. Hata maji baridi haniruhusu kugusa. Ananipikia, ananikanda, nguo zote anafua yeye."

"Nani?"

"Me. Ndivyo wanavyoita mama."

"Kwetu hiyo ni sauti ya mbuzi," Zipporah akasema. Alikusudia uwe utani, lakini ulitoka bila chumvi.

Kitu cha kwanza alichofanya ni kulitoa lile jiko nje na kufungua dirisha. Makaa ndani ya chumba yanaua, kila mtu anajua. Hanh akaja mbio akilalamika kwa lugha yake, Tuan akaitwa, na Tuan akamuunga mkono mama mkwe wake. Jiko likabaki nje. Hapo Zipporah alishinda, na jioni ile alikula vizuri.

Haukuwa ushindi wa kudumu. Kesho yake alipika uji wa wimbi wa maziwa, ule aliopikiwa yeye alipomzaa Wendy, na aliopikiwa mama yake kabla yake. Hanh naye akainjika supu ya miguu ya nguruwe na papai bichi, ambayo kwao ndiyo huleta maziwa. Wendy aliletewa vyote viwili. Zipporah akakaa ukingoni mwa kitanda akijifanya anakunja nepi, kumbe anaangalia kijiko. Kijiko kiliingia kwenye supu, kikarudi kwenye supu, kikaimaliza supu. Uji ulishuka mpaka nusu, ukabaki, ukaota ngozi juu.

"Nitaumalizia baadaye, Mama."

Baadaye Zipporah aliumwaga mwenyewe nyuma ya nyumba, kuku wa jirani wakaufurahia.

Kila siku ilikuja na lake. Kwa kina Tuan hakuna anayegusa chakula kabla ya kuwakaribisha wakubwa mezani, mmoja mmoja, kwa umri. Wendy alikuwa ameyajua maneno yale. Aliinamisha kichwa na kumkaribisha Hanh kwanza, kwa sababu Hanh alikuwa mkubwa kwa umri, ndipo akasema, "Mama, karibu tule." Neno lilikuwa zuri. Lakini Zipporah alilisikia likija la pili. Mimi ndiye niliyekuzaa, alisema moyoni, halafu nakaribishwa kama mgeni aliyepita njia.

Usiku alilala kwenye godoro sebuleni. Hanh alilala chumbani pamoja na mtoto.

Mumbe, jirani wa nyumba ya tatu, alikuja kumwona mtoto akiwa na sabuni na sukari. Alifunua shuka akapiga kofi la furaha. "Jamani! Ona mtoto mzuri! Malaika kabisa!"

Uso wa Hanh ulibadilika. Alimfunika mtoto, akachukua simu yake, akaisemesha, na simu ikatafsiri kwa sauti nzito ya mwanamume: "Mtoto ni mbaya sana. Anafanana na panya."

Mumbe akaacha sabuni na sukari, akaaga.

Zipporah angeweza kumuuliza Tuan maana yake. Tuan alikuwa chumba cha pili tu, akipiga msasa jiwe. Lakini kuna swali ambalo mtu haliulizi kwa kuogopa kwamba jibu litamnyang'anya hasira yake. Hakuuliza. Alimsindikiza Mumbe mpaka getini, na pale getini ulimi ukafunguka.

"Umesikia mwenyewe. Ndivyo anavyomwita kila siku. Panya! Damu yangu!"

"Na wewe unanyamaza, Mama Wendy?"

"Nitafanyaje? Si nyumba yangu. Na pale kwenye kona ameweka picha ya marehemu mume wake, anaiwashia ubani asubuhi na jioni. Sijui huwa anamwomba nini."

Alijua alichokuwa akifanya. Alikiona kikitoka kinywani mwake kama mtu anayeona maziwa yakifurika na hanyanyui sufuria. Kabla siku haijaisha mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba kuna bibi wa kigeni anayemroga mtoto wa Wendy. Mwanamke anayewauzia maziwa ndiye aliyemuuliza Wendy moja kwa moja, na Wendy akalia mpaka macho yakavimba.

Tuan hakupaza sauti. Alikuja akakaa mbele ya Zipporah, mikono juu ya magoti. "Mama, kwetu mtoto mchanga hasifiwi. Ukimsifu, wenye husuda wasioonekana wanasikia, wanakuja kumchukua. Ukisema ni mbaya, ni panya, hakuna anayemtaka. Anabaki na sisi. Mama yangu anasema hivyo kwa sababu anampenda sana."

Zipporah akakumbuka. Kule Ronge bibi yake mwenyewe alikuwa akimfunika mtoto uso wageni wakizidisha sifa. Alikuwa anajua kitu kile kile, kwa jina jingine. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Lakini aibu ikimkuta mwenye wivu huwa kama mafuta ya taa kwenye moto. Badala ya kumhurumia Hanh, alimchukia zaidi, maana sasa hata makosa hakuwa nayo.

Jumamosi Hanh aliingia kulala baada ya kufua. Wendy alikuwa anaoga maji ya majani ambayo mama mkwe amemchemshia. Mtoto alikuwa peke yake kitandani kwa Wendy, amefumbua macho. Zipporah alimwinamia, na kwa mara ya kwanza tangu aje Voi hapakuwa na mtu wa tatu.

"Njoo kwa bibi yako," akasema.

Akamfunga kwa leso kifuani akatoka. Alijiambia anakwenda kwa Mumbe tu. Akaipita nyumba ya Mumbe. Akajiambia anafika dukani. Akalipita duka. Miguu yake ilikuwa na safari yake yenyewe, na ilikuja kusimama stejini, mahali pa magari ya kwenda Mwatate na Wundanyi. Akaona picha nzima: wanawake wa kanisa wamejaa uani kwake, na yeye ameketi katikati na mtoto mapajani, hakuna wa kumwambia mshike hivi, mfunike hivi. Siku moja tu. Kesho angemrudisha.

Manamba wa matatu moja akamfungulia mlango. "Mama, ingia, ni wewe tu tunangoja."

Mtoto akaanza kulia. Akageuza kichwa, akatafuta kwa mdomo kifuani pa Zipporah, akakuta kitambaa, akalia zaidi. Mwanamke mmoja mzee aliyekuwa ameketi kando ya dirisha akamwambia kwa upole, "Mnyonyeshe kwanza, mama yake. Ana njaa."

"Mimi si mama yake," Zipporah akajibu.

Alijisikia akilisema neno lile, na likamkata. Akatazama kile kinywa kidogo kilichokuwa wazi. Hakuwa na kitu cha kukitilia. Akageuka. Mwanzo alitembea, halafu akakimbia, jua la Voi likiwaka utosini, akimkinga mtoto uso kwa kiganja.

Hanh alikuwa barabarani. Alikuwa peku, nywele zimefumuka, mguu wake mbovu akiuburuta kwenye vumbi. Akamtoa mtoto katika leso. Akaweka pua yake kwenye paji la uso la mtoto akavuta pumzi ndefu, kama mtu aliyezama anayeibuka juu ya maji. Ndipo akamgeukia Zipporah. Alifoka kwa lugha yake, machozi yakimtoka, mbele ya watu wa dukani na waendesha bodaboda. Hapakuwa na simu ya kutafsiri. Zipporah alielewa kila neno.

Wendy alikuwa mlangoni na maji yakimdondoka, blauzi imelowa maziwa. Alimpokea mtoto, akamweka titini palepale, na kilio kikakoma. Kisha akamtazama mama yake.

"Ulikuwa unampeleka wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani ni wapi, Mama?"

Zipporah akakaa kwenye ngazi. Kilichokuwa kimemkaa rohoni tangu siku ya kwanza kikatoka bila kupangwa. "Nilikuzaa mimi, Wendy. Nimekulea mimi baada ya baba yako kufa. Lakini nikija hapa mimi ni mgeni na yeye ndiye mwenyewe. Anajua maji yako ya kuoga, anajua supu yako, mtoto analala kwake. Na unamwita mama."

"Nilikupigia simu siku ile ile," Wendy akasema. Sauti yake ilikuwa chini. "Ukaniambia una mahindi. Sikukasirika, najua mvua. Lakini yeye alipanda ndege na mguu mbovu, hajui Kiswahili, hajui mtu, akaja. Sasa nimwite nani? Sijakuondoa mahali pako, Mama. Mimi sihesabu. Wewe ndiye unayehesabu."

Akaingia ndani. Zipporah alibaki pale ngazini mpaka kivuli cha ukuta kikamfikia.

Hakurudi Ronge. Alitaka kurudi, mfuko aliufunga, akaufungua tena. Kuondoka kungekuwa rahisi mno. Tangu siku hiyo alifanya kazi kwa kunyamaza: aliteka maji, alichinja yule jogoo, aliosha vyombo. Aliacha kuangalia kijiko. Au tuseme aliangalia kwa jicho moja badala ya mawili. Hanh hakumsemesha, lakini asubuhi moja alimwekea kiti kando ya jiko, na Zipporah akakikalia.

Mwezi wa mtoto ulipotimia, ikafanywa karamu. Kwa kina Tuan siku hiyo huwashukuru wakunga kumi na wawili wa mbinguni ambao humfinyanga mtoto tumboni, huyu macho, yule masikio, mwingine kumfundisha kucheka. Zipporah, mwanamke wa kanisa, alinong'ona kwamba Mungu mmoja alitosha kwa kazi yote hiyo. Lakini alimsaidia Hanh kupika uji wa kuwashukuru, na hapo akaona kioja: ndengu zinapikwa na sukari! Alionja kwa ncha ya ulimi. Akaonja tena, akatazama pembeni.

Mumbe na majirani walikuwa wamealikwa, maana Tuan alisema wamwone mama yake kwa macho yao. Na siku hiyo ndiyo mtoto angepewa jina.

Hilo Zipporah alikuwa amelijua siku zote, na lilikuwa chungu kama mwarobaini. Kule Ronge, mtoto wa kwanza wa kike, kama huyu, huchukua jina la mama wa baba. Mjukuu wake angeitwa Hanh, na yeye ndiye angelazimika kuliita jina hilo kila siku ya maisha yake.

Tuan akasimama. "Nimemwoa Wendy, na mila za kwao ni zangu. Kwa hiyo mtoto ataitwa jina la mama yangu. Hanh."

Watu wakapiga makofi. Tuan akamtafsiria mama yake. Hanh akaweka bakuli chini kwa kishindo. Akasema maneno mengi, kwa haraka, akitikisa kichwa, na Tuan akawa mwekundu.

"Anakataa," akasema. "Kwetu kumpa mtoto jina la mkubwa ni kumtukana mkubwa. Anasema mtoto akigombezwa, ni yeye anagombezwa. Mtoto akiitwa akaoshwe makalio, ni yeye ameitwa."

Uani kote wakacheka, hata Wendy. Tuan akajikuna kichwa. "Sasa tufanyeje?"

"Si kuna bibi mwingine?" Mumbe akasema. "Yule pale, ana jina zuri kabisa."

Wendy akamtazama mama yake. "Aitwe Wakesho," akasema.

Zipporah alipiga vigelegele kabla hajajijua. Alimchukua mtoto, akazunguka naye uani, akimwita jina lake mwenyewe, na wanawake wakamwitikia. Kwa muda mfupi alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Voi.

Halafu akamwona Hanh. Hanh alikuwa anatabasamu kwa mdomo. Mikono yake ilikuwa inapanga vijiko ambavyo vilikwishapangwa. Alivitoa vyote, akavipanga tena. Tiketi yake ya kurudi ilikuwa karibu, na alikuwa anawaacha watu hawa wakilipigia makofi jina ambalo ulimi wake haungeweza hata kulitamka sawasawa. Zipporah aliijua mikono ile. Aliijua kwa sababu alikuwa amekunja nepi namna hiyo hiyo, majuma yote hayo.

Alidhani kushinda kungekuwa kutamu zaidi.

Akamwendea, akamwekea mtoto mapajani. Kisha akamwambia Tuan, "Mwambie mama yako asiondoke kabla hajafika Ronge. Aone jina hili limetoka wapi." Ndani ya mwaliko ule mlikuwa na huruma, na majivuno pia yalikuwamo, Zipporah hakuwa malaika.

Walipanda wote kwenda Ronge siku chache baadaye. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mabonde na Zipporah alimpa Hanh sweta lake. Hanh alipoona mashamba yalivyokatwa ngazi ngazi mlimani, alicheka kama msichana, akaisemesha simu, na simu ikasema kwao ni milima pia, na mpunga hupandwa namna hii. Alitembea shamba lote na mguu wake mbovu. Aliyagusa mahindi, yaliyokwisha kufika magotini, akatikisa kichwa kwa heshima.

Nyuma ya nyumba, kando ya migomba, akakuta kaburi.

"Nani?" ikauliza simu.

"Fanuel. Mume wangu."

Hanh akasimama akalitazama. Majani yalikuwa yameota juu ya kaburi lote, kwa maana msimu wa kupanda ulikuwa umekuja na baada yake akaja mtoto. Hanh alichuchumaa, akakunja mikono ya sweta, akaanza kung'oa, taratibu, shina kwa shina, akikung'uta udongo wa kila mzizi na kuurudisha kaburini.

Zipporah alihisi kitu kile kile kikimchoma chini ya mbavu. Ametwaa jiko, ametwaa supu, na sasa hata marehemu wangu! Akachuchumaa upande wa pili naye akaanza kung'oa. Aling'oa kwa mikono miwili, kwa kasi. Hanh akainua macho, akaona, akaongeza kasi. Mafungu ya majani yakakua huku na huku. Zilisikika pumzi tu na mizizi ikikatika.

Walikutana katikati, kwenye shina moja la nyasi ya sangari lililozamisha mizizi chini kabisa. Wakalishika kwa pamoja, wakalivuta, halikutoka. Wakavuta tena, likakatika ghafla, na wale bibi wawili wakaanguka chali kwenye tope, kila mmoja na nusu ya jani mkononi. Hanh ndiye aliyeanza kucheka, kicheko kikavu kama kikohozi, na Zipporah akajizuia, akajizuia, akashindwa.

Wendy akatokea mlango wa nyuma na mtoto begani. "Mnafanya nini huko?"

"Tunapalilia," Zipporah akasema, akifuta machozi kwa mkono wenye udongo, na kwa mkono wa pili tayari ameushika ule mzizi uliobaki, kabla Hanh hajauwahi.